Kona nane kila mechi, goli moja: shida iko wapi?

Swali: Mwalimu, nafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17. Tumecheza mechi kumi na moja na kila mechi tunapata kona karibu nane, lakini goli la kona tumepata moja tu, nalo mpira ulimgonga beki wao ukaingia. Wachezaji wangu wengi ni wafupi. Nimewafundisha mipango minne niliyoiona kwenye video na siku ya mechi wanaichanganya. Je, niachane na kona za juu? Nianzie wapi?

Jibu:

Kocha, tuanze na hesabu, maana itakupunguzia mzigo. Hata kwenye ligi kubwa, zenye wapigaji waliobobea na makocha walioajiriwa kwa ajili ya mipira iliyokufa tu, yaani kona na mipira ya adhabu, kona zinazozaa goli ni kama tatu au nne katika kila mia. Ninyi mmepiga karibu 88. Kwa kiwango hicho mngekuwa na magoli matatu hivi. Mko nyuma, lakini si nyuma sana kama unavyojiona unaposimama pembeni ya uwanja ukitazama kona ya nane ikiokolewa na mtu wa kwanza.

Na wingi wa kona usikudanganye. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2012, Bayern Munich walipata kona 20. Chelsea walipata moja. Hiyo moja, dakika ya 88, Juan Mata aliipeleka nguzo ya karibu, Didier Drogba akamwahi beki na kusawazisha kwa kichwa, na mwishowe Chelsea wakabeba kombe kwa penalti. Kitu cha kuhesabu ni kona ngapi zilifika mahali panapotisha zikamkuta mtu wako yuko kwenye mwendo. Nina hakika ukizihesabu hizo katika zako 88, utakuta ni chache mno, na hapo ndipo penye kazi yako.

Kwa hiyo mipango minne iweke kando. Chagua mahali pamoja mbele ya goli. Mfundishe mpigaji aufikishe mpira pale, na wafundishe wakimbiaji wafike pale kwa wakati uleule. Urefu wa wachezaji tutauzungumzia, lakini hauko juu kwenye orodha.

Mpigaji ndiye wa kwanza. Timu nyingi za vijana humpa kona nahodha, au yeyote aliye karibu na kibendera. Mimi ningefanya majaribio. Weka koni nne zitengeneze kisanduku cha kama mita nne kwa nne, katikati ya goli, pale kwenye mstari wa sita, yaani wa boksi dogo la yadi sita. Kila anayejiona anajua kupiga apige mipira kumi kutoka kila upande. Weka na mtu, au kitu chenye urefu wa mtu, pale anaposimama beki wa kwanza karibu na nguzo ya karibu. Andika mambo mawili tu: mpira umempita wa kwanza? Umeangukia kwenye kisanduku? Utashangaa nani anaongoza. Mara nyingi ni kijana mtulivu anayepiga mpira uleule mara kumi, na yule mwenye shuti kali anakuwa nyuma yake. Kwenye kona, kurudia kitu kilekile kuna thamani kuliko nguvu, kwa sababu mkimbiaji hawezi kuupatia muda mpira ambao kila mara unakuja kivyake.

Kuhusu kupinda: anayetumia mguu wa kulia akipiga kutoka kushoto mwa ushambuliaji wenu, mpira unapinda kuelekea golini. Akipiga kutoka kulia, unapinda kuondoka. Kwa timu yako ningependelea unaopinda kuingia, pande zote mbili kama una mtu wa mguu wa kushoto. Mpira wa namna hiyo hauhitaji kichwa kikali. Kuguswa kidogo kunatosha, na hata usipoguswa kipa analazimika kufanya kitu. Sheria inaruhusu goli la moja kwa moja kutoka kona tangu mwaka 1924, na mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Cesáreo Onzari wa Argentina aliwafunga Uruguay hivyo. Mpira unaopinda kutoka una faida yake: kipa anasita kuufuata, na mchezaji anayeujia kwa kasi anakutana nao uso kwa uso. Lakini unadai kichwa chenye nguvu na mruko mzuri, vitu ambavyo kwa maelezo yako huna vingi.

Sasa muda wa kukimbia. Hapa ndipo kona nyingi za vijana hufia, na naomba upatilie maanani kuliko sehemu nyingine yoyote ya jibu hili.

Kwenye uwanja wenye upana wa mita 68, kutoka kibendera hadi katikati ya goli ni mita 34. Mpira uliopigwa vizuri unatumia kama sekunde moja na nusu hadi mbili kufika. Mchezaji aliyesimama kwenye mstari wa kumi na nane (nao ni yadi, wa boksi kubwa) ana mita 11 za kukimbia hadi mstari wa sita, na kwa mtu anayeanza akiwa amesimama, mita hizo humchukua sekunde mbili hivi. Linganisha hesabu hizo mbili. Akisubiri mpira upigwe ndipo aanze, atafika mpira umeshapita. Akianza mapema mno, atafika, atasimama, na beki atamkuta pale. Mchezaji aliyesimama chini ya mpira hana mruko wala kasi, hata awe mrefu vipi.

Suluhisho ni kumpa ishara ya kuanzia iliyo kwenye mwili wa mpigaji. Wafundishe wakimbiaji watazame mguu wake wa kusimamia. Hatua ya mwisho kabla ya kupiga, mguu ule unapokwenda kukita chini kando ya mpira, ndipo wanaondoka. Hii inamdai mpigaji naye awe na hatua zilezile siku zote: kama ni tano, ziwe tano kila mara, bila kusita katikati. Na kama mnachezea uwanja mwembamba, hesabu inabadilika. Sheria inaruhusu upana wa kuanzia mita 45 hadi 90, na kwenye uwanja wa mita 50 mpira unasafiri mita 25 tu. Hapo usiwaanzishe kwenye mstari wa kumi na nane. Wasogeze hadi karibu na alama ya penalti. Kabla ya mechi ya ugenini, pima upana kwa hatua. Ni kazi ya dakika moja.

Mbio zenyewe zisiwe za mstari mnyoofu. Mkimbiaji achukue hatua mbili za uongo kuelekea nguzo ya mbali, beki ahamishe uzito, ndipo akate kuelekea kwenye kisanduku. Hatua mbili tu. Nimeona vijana wakicheza danadana za mwili hadi mpira unawapita.

Ningeweka wakimbiaji watatu. Mmoja aende nguzo ya karibu, mmoja kwenye kisanduku, mmoja nguzo ya mbali. Wa karibu asidhani amefanya kazi bure pale mpira unapompita juu. Amewavuta mabeki wawili na amemziba kipa macho kwa nukta moja. Wa mbali ndiye anayefunga magoli ambayo watu huyaita ya bahati, yale ambayo mpira umeparazwa ukavuka watu wote. Afike akiwa ameelekea uwanjani, si akiwa anaruka kinyumenyume.

Kuna mtu wa nne, anayesimama mbele ya kipa. Kazi yake ni kumnyima kipa hatua ya kwanza ya kutoka. Mfundishe mambo mawili ambayo yasipofundishwa yatakugharimu magoli. Kwanza, mikono yake iwe chini na asisogee kumfuata kipa. Sheria inampa kila mchezaji haki ya nafasi aliyosimama, lakini kuingia kwenye njia ya mpinzani wakati mpira hauko karibu ni kosa. Pili, kuotea. Hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye kona, kwa hiyo anaweza kusimama hata kwenye mstari wa goli. Lakini mwenzake akishaupiga kichwa au shuti, hesabu inaanza upya. Akiwa bado yupo mbele ya kipa, nyuma ya mabeki, amemkinga asione, goli linakataliwa na refa yuko sahihi. Basi kanuni yake iwe hii: mpira ukishaguswa mara ya kwanza, yeye anatoka pembeni, mbali na macho ya kipa.

Hilo la kuziba njia linahusu na wengine. Kocha akiona timu kubwa zikiwakinga mabeki ili mpigaji wa kichwa abaki huru, hutamani kulifundisha mara moja. Lifundishe kwa uangalifu. Mchezaji wako anaweza kuwahi nafasi akasimama, na beki anayemfuata mwenzake akalazimika kumzunguka. Hiyo ni halali. Akimsogelea beki, akamkumbatia au kumsukuma kwa mgongo, ni faulo, na kwa vijana ninaona pia ni tabia mbaya inayokua nao. Namna safi zaidi ni wachezaji wawili kukatiza njia zao, wakipishana karibu sana, kiasi kwamba wakabaji wao wawili wanagongana au wanasita.

Hapo tumeingia kwenye kumsoma mpinzani. Kona ya kwanza ya mechi itumie kuuliza swali moja: wanakaba mtu na mtu, au wanalinda maeneo? Utajua kwa kuwahamisha wachezaji wako kabla ya kona. Mabeki wakiwafuata, ni mtu na mtu. Wakibaki walipo, wanalinda maeneo. Timu nyingi huchanganya: watatu au wanne wamesimama kwenye mstari wa sita, waliobaki wanakaba watu.

Dhidi ya mtu na mtu, msongamano ni rafiki yako. Kombe la Dunia 2018 Uingereza walijipanga wanne kwenye foleni karibu na alama ya penalti, kisha wakasambaa kila mmoja kwake mpira ulipopigwa. Mkabaji hawezi kumshika mtu aliyebanwa katikati ya foleni, na wakati foleni inapopasuka anachelewa. Katika magoli 12 waliyofunga kwenye mashindano yale, 9 yalitokana na mipira iliyokufa na penalti. Foleni hii vijana wako wanaweza kuijifunza kwa jioni moja, na ndiyo ningeifanya mpango wako wa kwanza.

Dhidi ya wanaolinda maeneo, msongamano una faida ndogo. Unachotaka ni kasi. Beki aliyesimama anaruka akitokea chini alipo. Wewe unakuja na mbio za mita nane. Hapo ndipo suala la urefu linapopungua uzito. Carles Puyol alikuwa na mita 1.78 tu, akaipeleka Hispania fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010 kwa kichwa cha kona ya Xavi, akiwaruka Wajerumani waliomzidi urefu kwa mbali. Alikuja kwa kasi akitokea mbali, akaukuta mpira ukiwa juu. Kama una kijana mmoja anayependa mpira wa kichwa, mwenye ujasiri na mruko, huyo ndiye wa kwenye kisanduku, hata kama mwenzake anamzidi kichwa kizima.

Kwa hiyo swali lako la kuacha kona za juu: hapana, usiache. Ila ongeza mpira mmoja wa pili ambao hauhitaji kimo. Kuna mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni mpira wa kasi, urefu wa kifua hadi kichwa, unaolenga mbele kidogo ya nguzo ya karibu, ambapo mchezaji mwepesi anauparaza kwenda nyuma yake. Mabeki wote wanakuwa wameelekea upande mmoja na mpira unapita nyuma ya migongo yao. Ya pili ni ya kwenda nje ya kumi na nane, kwa mchezaji mwenye shuti, wakati wote wamejazana ndani. Paul Scholes aliifungia Manchester United goli la namna hiyo dhidi ya Bradford City mwaka 2000, David Beckham akiwa kwenye kona, mpira ukapigwa bila kugusa chini. Usitegemee vijana wako wapige hivyo. Wautulize kwanza, au wapige pasi ya kurudi ndani. Lengo ni kuwatoa mabeki kwenye mstari wao. Chagua moja kati ya hizi mbili, si zote.

Kona fupi nitaigusia tu. Ina maana pale wapinzani wanapomtuma mtu mmoja au wasimtume kabisa. Mnakuwa wawili dhidi ya mmoja na krosi inatoka pembe nzuri zaidi. Wakituma wawili, piga ndefu, kwa sababu ndani wamepungua. Wapinzani lazima wakae mita 9.15 kutoka kwenye robo duara ya kona, basi pasi ya kwanza iwe na nguvu. Na mpigaji asibaki pale kibenderani baada ya kutoa pasi. Akirudishiwa akiwa bado yuko karibu na mstari wa goli, mara nyingi anakuwa ameotea.

Jambo ambalo makocha hulisahau kabisa ni walio nyuma. Kona nyingi zitaokolewa, hiyo ni hakika, na mpira uliookolewa ni shambulizi jipya, lenu au lao. Weka wawili ukingoni mwa kumi na nane, mmoja katikati na mmoja upande wa mbali, wakiwa wamekunja magoti kidogo, tayari kusogea mbele. Nyuma yao wabaki walinzi wanaozidi kwa mmoja idadi ya washambuliaji waliobaki mbele. Wakibakiza mmoja, ninyi wawili. Japani walilijua hili kwa uchungu kwenye Kombe la Dunia mwaka 2018 dhidi ya Ubelgiji: 2-2, dakika za nyongeza, kona yao wenyewe. Kipa Thibaut Courtois aliudaka mpira, akampa Kevin De Bruyne, na baada ya sekunde chache Nacer Chadli alikuwa amefunga la tatu upande wa pili. Wachezaji walio karibu zaidi na kipa wafundishwe kusimama mbele yake, kwa umbali halali, pale anapoudaka, ili asiutupe haraka. Kuuzuia mkono wake ni kosa.

Kuhusu mazoezi yenyewe, una vijana, na vichwa vyao ni vya kutunzwa. Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2021 kwamba hata watu wazima wa kulipwa wasipige zaidi ya vichwa 10 vya nguvu kwa wiki mazoezini, na vichwa vya kona ni miongoni mwa hivyo. Marekani watoto wa miaka 10 kushuka chini hawaruhusiwi kupiga kichwa kabisa. Basi usiwapangie kona thelathini za vichwa jioni moja. Na wala huzihitaji, maana sehemu kubwa ya kazi ni mbio na muda. Fanyeni mara nyingi kwa kuudaka mpira kwa mikono juu ya kichwa: mkimbiaji anaondoka kwa mguu wa kusimamia, anaruka, anadaka mahali ambapo angepiga kichwa. Utaona mara moja kama amefika kwa wakati. Vichwa vyenyewe viwe vichache, na vya kujifunzia viwe vya mipira laini ya kurushwa kwa mkono.

Dakika kumi na tano, mara mbili kwa wiki, zinatosha. Tembeeni kwanza bila mpira, kila mtu aseme kwa sauti anakwenda wapi. Kisha na mpira bila mabeki. Kisha na mabeki waliosimama. Kisha na mabeki wanaocheza kweli, nao wawe na ruhusa ya kushambulia wakiupata, ili wale wa nyuma wazoee kazi yao. Mpigaji abaki dakika kumi zaidi na koni zake.

Anza na foleni peke yake kwa wiki tatu, mechi zote, hata isipofunga. Mpira wa pili uongeze wiki ya nne, na hapo ndipo utahitaji ishara: mkono mmoja juu kwa foleni, kushika soksi kwa ule mwingine, na ziwe hizo tu. Muwekee msaidizi wako daftari, kila kona aandike kama ilimpita wa kwanza, kama ilifika kwenye kisanduku, na nani wa kwenu aliigusa wa kwanza. Nusu ya kona zenu zikianza kufika kwenye kisanduku, ongeza mpango wa tatu. Kabla ya hapo, usiongeze.